Pale Mitulinga Inapokutana

Siku niliyorudisha sare na mkanda wangu stoo, vijana watatu wa kambini walinisindikiza mpaka barabarani, wakaniomba niwaandikie namna ya kumsoma mtu kabla hajapiga. Walisema mimi ndiye niliyebaki ninayejua mambo hayo. Nikawaahidi. Nilidhani karatasi moja ingetosha, nikae jioni mbili nimalize. Lakini kila nilipoanza niliona kwamba siwezi kueleza nilivyofundishwa bila kumtaja aliyenifundisha, na siwezi kumtaja aliyenifundisha bila kueleza alivyokufa. Basi mnivumilie. Vyeo na mishahara sitavizungumza. Nilipanda nilipopandishwa, na hakuna aliyepigwa rungu akapona kwa sababu ya utepe ulioko begani mwangu.

Niliingia kazini mwaka mmoja kabla ya bendera kubadilishwa. Nilitoka kwetu upande wa Taru, ambako baba alikuwa mfugaji, nikapelekwa kambi ya chifu karibu na Kikoneni. Kwangu mimi kulikuwa ugenini. Kwetu ni vumbi na miiba, huku ni minazi, mikorosho, na mvua inayokuja bila kubisha. Nilipewa kaptula ya kaki iliyoshonewa mtu mnene kuliko mimi, nikaubana mkanda kwa kuutoboa tundu jipya kwa msumari wa moto. Nikapewa rungu na filimbi. Pingu ilikuwa moja kwa kambi nzima, kwa hiyo watu walikuwa wakikamatwa mmoja mmoja.

Siku ya tatu tuliitwa kwenye mangwe, yaani kilabu cha mnazi, bondeni. Mkwezi mmoja alikuwa amelewa na anataka kumpiga mwenye kilabu. Nilitangulia mbele kwa kiherehere cha ugeni, nikasimama mbele ya yule mkwezi, nikamkazia macho kama nilivyoona wakubwa wakifanya. Naye akanitazama machoni kwa upole kabisa, karibu atabasamu. Kilichofuata ni kibuyu cha mnazi kupasuka sikioni mwangu. Niliketi chini bila kupanga kuketi.

Koplo wangu ndiye aliyemshika. Aliingia kati, akampokea yule mkwezi mkono ungali njiani, akamlaza chini taratibu kama anayelaza mtoto, akamwambia, "Basi, ndugu yangu, basi." Halafu akaja kwangu.

"Ulikuwa ukitazama nini?"

"Macho, afande."

"Macho ni ya kuombea radhi. Mtu mwenye akili hakupi kitu machoni."

"Nitatazama mikono, afande."

"Mkono ukiuona unakuja, umeshafika." Akaweka kidole gumba chini ya koo langu, pale mitulinga miwili inapokutana na kuacha kishimo. "Hapa. Weka macho yako hapa na usiyatoe."

Huyo ndiye Koplo Hamisi, Mdigo wa papo hapo Kikoneni, mtu mrefu, mkimya, mwenye sauti ya kuazima. Alikuwa na miaka ishirini na ushei kazini nilipomkuta. Kwa muda wa miezi saba, kila asubuhi baada ya usafi, alinipeleka nyuma ya stoo, akavua shati, akashika upongoo, ule uti wa kuti la mnazi, akaanza kunichapa nao. Kazi yangu ilikuwa kukwepa. Siku za mwanzo nilirudi chumbani na mistari mwilini kama pundamilia.

Aliyonifundisha ndiyo mliyoniomba, basi yashikeni. Ukitazama kishimo kile, bila kuhamisha macho unayaona mabega yote mawili, viwiko, na kiuno, kama mtu aliyesimama mlangoni anavyouona ua mzima. Mkono hauendi peke yake. Anayetaka kupiga kweli, bega lake hutangulia kurudi nyuma, kidogo sana, na mtulinga wa upande ule huinuka. Kisha kishimo hutulia, kwa sababu ameshika pumzi. Pumzi ikisimama, hama pale uliposimama. Mwenye panga naye ni vivyo hivyo, ila yeye bega hupanda kuelekea sikio. Akiinua panga kwa kiwiko tu, na bega limelala, na kifua kinapumua, huyo anatisha, au anazungumza, au anaonyesha njia. Watu wetu huonyesha njia kwa panga. Koplo alinirudia neno hilo mara nyingi: "Mtu wa shamba panga ni kidole chake. Usimuue mtu kwa kidole chake."

Elimu hiyo ilinifaa mapema. Tulipelekwa Taru kusaidia ulinzi siku ya mnada wa mifugo kando ya barabara kuu, na nikafurahi kurudi kwetu nikiwa na sare, ingawa ilikuwa ya mtu mnene. Ndugu wawili waligombana na mfanyabiashara kuhusu fahali. Mkubwa wao alipiga kelele, akamsukuma mfanyabiashara, akaitisha rungu lake. Watu wote walimtazama yeye. Mimi nilimtazama kifuani nikaona kinapanda na kushuka kama mvukuto. Huyo alikuwa anatoa hasira yote kwa mdomo. Nyuma yake alisimama mdogo wake, kimya, na kishimo chake kimetulia tuli. Nikapita kando ya mwenye kelele nikamshika mdogo kifundo cha mkono. Ndani ya shuka alikuwa na kisu, tayari kimetoka alani. Hakuna aliyeumia siku ile, na fahali akauzwa kwa mtu mwingine kabisa. Njiani Koplo Hamisi hakunisifu. Alininunulia chai na mahamri, akaninyang'anya hamri moja.

Uhuru ulikuja. Tuliimba, tukapigwa na mvua uwanjani, na kofia zikabadilishwa. Koplo alimaliza muda wake miezi michache baadaye. Alirudi shambani kwake, mwendo wa nusu saa kutoka kambini, kwa mkewe Bi Mwanasiti na kijana wao Athumani, aliyekuwa keshaanza kuota ndevu. Nilikuwa nikiwatembelea Ijumaa nikipata nafasi. Bi Mwanasiti alinipikia wali wa nazi kwa samaki na kunilaumu kwa kukonda. Koplo alikuwa amerithi kwa mjomba wake minazi thelathini na kitu, imepangwa mistari miwili mpaka mtoni. Kwa desturi ya pale, ardhi ni jambo moja na mti ni jambo jingine. Mti ni wa aliyeupanda na warithi wake hata kama umesimama kwa mtu.

Kisha wakaja wapima ardhi na minyororo yao na vigingi vyekundu. Ardhi ile ilikatwa viwanja, na viwanja vikapewa watu kutoka bara waliokosa ardhi kwao. Mstari mmoja wa minazi ya Koplo uliangukia katika kiwanja cha Mkamba mmoja, Muli, Mkristo, mtu wa bidii, aliyefika na mke, watoto watano na majembe mawili. Nisiwafiche, barua ya kumwarifu Koplo ni mimi niliyeipeleka. Koplo aliisoma amesimama, akaikunja, akanikaribisha kahawa. Alisema tu, "Hawakuandika habari ya minazi." Nikamwambia labda wataandika baadaye. Hawakuandika.

Wakati huo nilikuwa na mwenzangu mpya, Jefwa, Mgiriama wa upande wa Malindi, mwenye nguvu na heshima, mwepesi wa kucheka. Alikuwa amesikia habari za Taru. Akaniomba mara ya kwanza nimfundishe, nikamwambia tungoje mvua zikatike. Akaniomba tena, nikamwambia tungoje ukaguzi upite. Ukweli ni kwamba sikutaka. Kambi nzima ilikuwa ikiniita mimi penye fujo, na nililipenda jambo hilo. Niliificha elimu ya Koplo kama mganga anavyoficha mizizi yake, na elimu yenyewe nilipewa bure.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, Muli alipofika kambini anahema. Alikuwa ameanza kukata minazi ili apande mahindi. Mnazi wa pili ulipoanguka, Koplo Hamisi alikuja na panga, akaketi chini ya mnazi wa tatu, akaliweka panga mapajani, akakataa kuondoka. Muli hakusema kwamba ametishwa. Alisema, "Mzee amekaa tu. Lakini ana panga, na mimi nina watoto." Chifu akanituma mimi na Jefwa.

Njiani nilimwambia Jefwa kwamba yule ni mwalimu wangu na kwamba nitasema mimi. Sikumwambia kitu kingine. Nusu saa nzima ya njia nilikuwa nayo, na maneno ya kumwambia yalikuwa machache.

Koplo alipotuona alisimama. Alikuwa amevaa kikoi na fulana, panga mkono wa kulia, ncha imetazama chini. Nikasimama hatua tatu mbele yake. Jefwa alikuwa ubavuni kwangu, mkono wa kushoto. Muli alibaki nyuma, penye mnazi ulioanguka.

"Shikamoo, Koplo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mwenzio."

"Nimetumwa, Koplo."

"Najua. Nami nilitumwa miaka yangu yote. Sikulaumu." Akamtazama Jefwa. "Hujambo, kijana."

Jefwa hakuitika. Nilisikia pumzi yake, lakini sikugeuka.

"Koplo, nipe panga twende kwa chifu tukazungumze," nikamwambia.

"Nitakupa. Nataka kwanza huyu bwana asikie jambo moja, kisha nakupa. Si mtu mbaya. Hakuelezwa tu."

Nilikuwa nikimtazama pale aliponifundisha nitazame. Kishimo kilikuwa kinapanda na kushuka pole pole. Mabega yote mawili yamelala. Uzito wake ulikuwa kwenye visigino. Sijapata kumwona mtu aliye mbali na kupiga kama Koplo Hamisi alivyokuwa saa ile. Nikalegea. Nikamwita Muli asogee.

Muli aliposogea, Koplo akamwambia, "Bwana, ile yote iliyobaki, kutoka ule pale," na kwa kiwiko, kwa kiwiko tu, akainua panga kuonyesha mstari wa minazi.

Jefwa alikuwa akilitazama panga. Aliliona linapanda. Rungu lake lilipita mbele ya uso wangu, nami nikalisikia kabla sijaliona.

Koplo aliangukia magoti, kisha ubavu. Muli alikimbia kuleta mkokoteni wake, tukampakia, na Muli mwenyewe akausukuma kuelekea barabara ya Msambweni, penye hospitali, analia waziwazi kama mtoto, huku mimi nikiwa nimeshika kichwa cha Koplo kisigonge mbao. Hatukuifikia barabara. Alikata roho penye kivuko cha mto. Tuligeuza mkokoteni tukampeleka kwake, na Bi Mwanasiti alitusikia tungali mbali.

Jioni ile Jefwa alikaa kitandani kwake na viatu miguuni. Akaniuliza, "Alitaka kunikata?"

Nikamwambia, "Ndiyo. Ungekufa wewe."

Nilimhurumia. Nawaomba mwamini hilo, ingawa huruma hiyo ilinifaa na mimi pia, kwa sababu kama Koplo hakutaka kukata mtu, basi mtu pekee aliyejua hivyo nilikuwa mimi, na sikunyoosha mkono.

Ofisa alikuja kutoka Kwale kuuliza. Tulikaa ofisini kwa chifu, na wafiwa pamoja na Muli walikaa barazani, wanasikia kila neno. Ofisa aliniuliza kama marehemu aliinua panga. Nikasema aliinua. Akaniuliza kama aliinua kwa nia ya kupiga. Nikasema ndiyo. Akauliza nimejuaje. Nikasema, "Nimefundishwa kusoma mtu, afande." Nilisema hivyo, na aliyenifundisha alikuwa kaburini siku ya nne. Muli aliitwa baada yangu. Akasema maneno ya askari yanatosha, yeye hana la kuongeza. Jalada likafungwa.

Nilipotoka, Bi Mwanasiti alinisimamisha. Hakupandisha sauti. "Wewe ndiye uliyekuwa karibu naye. Alitaka kukata mtu kweli?"

Nikamwambia, "Sikuona vizuri, mama."

Akaniitikia kwa kichwa, akafunga ukaya wake kichwani vizuri, akaondoka na kijana wake. Sikula tena nyumbani kwake.

Yaliyobaki ya kazi yangu ni miaka mingi, na mengi ningeweza kuyasimulia: wezi wa ng'ombe, mafuriko, ugomvi wa mipaka, vijana wa hoteli waliokuja kupigana Ukunda kila mwisho wa mwezi. Niliwafundisha wengi nyuma ya stoo, sikumficha mtu tena. Lakini tangu asubuhi ile nimekuwa nikiongeza somo ambalo Koplo hakunipa, kwa sababu yeye hakulihitaji: ukienda na mwenzio, msome na yeye. Nilimsoma vizuri mtu asiyekuwa adui, na aliyesimama ubavuni kwangu, ambaye bega lake lilikuwa limesharudi nyuma, sikumtupia jicho hata mara moja.

Familia ya Koplo ilivunjika. Maneno ya ofisini yalizagaa, akawa mzee aliyetaka kuua askari. Athumani akiomba kazi aliulizwa ni mtoto wa nani. Akahamia Vanga, na baada ya muda mama yake, aliyekuwa amerudi kwa kaka yake, alifariki huko. Mazishi yake niliyasikia yamekwisha. Jefwa alihamishwa, akaacha kazi, akaingia katika ulevi. Tulionana mara moja baada ya miaka mingi. Akaniuliza tena swali lile lile nami nikampa jibu lile lile. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba siwezi kusema kweli maadamu Jefwa yu hai, kwa kuwa hana kitu kingine cha kushika. Kisha Jefwa akafa, na bado nikangoja.

Wiki ya pili ya kustaafu nilikwenda Vanga. Barabara ile mnaijua, nami nilifurahi kwamba ni mbaya, maana ilichelewesha. Nilimkuta Athumani uwanjani kwake anapanga boriti za mikoko kwa unene wake. Alinitambua kabla sijajitaja. Hakuacha kazi. Nikamweleza nimesimama, tangu barua mpaka kivuko cha mto, na niliyoyasema ofisini.

Alipanga boriti kama sita hivi kabla ya kusema.

"Huyo Jefwa yuko wapi?"

"Amefariki. Mwaka wa pili huu."

"Nawe umestaafu lini?"

"Juzi tu."

"Kwa hiyo mama amekufa, yeye amekufa, na kazi yako umeimaliza salama. Ndipo ukaiona njia ya Vanga."

Nikamwambia ni hivyo.

Alifuta mikono kwenye shuka. "Mimi nimeshasikia. Ijumaa ijayo nitamsomea baba dua Kikoneni. Uje uyaseme hayo hayo mbele ya watu waliotuona tunahama."

Nilikwenda. Majamvi yalitandikwa uani kwa binamu yake, viatu vimepangwa pembeni, wanaume kama arobaini, wengi wao watoto wa wale niliowajua. Muli naye alialikwa, keshakuwa mzee wa kutembelea fimbo, ameketi kwenye kigoda nyuma kabisa. Walipomaliza kusoma, Athumani akaniashiria. Nilisimama nikasema yote. Sauti yangu haikutetemeka, na hilo lilinitia aibu zaidi. Nilipofika penye kiwiko niliinua mkono wangu kuwaonyesha.

Kisha Muli akasimama kwa fimbo yake.

"Mimi pia niliona," akasema. "Alikuwa ananionyesha minazi. Nilikuwa namtazama usoni, alikuwa ananizungumzia kwa wema. Siku ile kwa ofisa nilikuja tayari kusema hivyo. Lakini askari huyu aliingia kabla yangu, akasema mzee alitaka kupiga. Nikajiuliza, huyu ni mwanafunzi wake, na alikuwa karibu kuliko mimi, lazima ameona kitu ambacho mimi sijui kukiona. Nikanyamaza." Akanigeukia. "Nilikuamini."

Akaketi. Athumani aliinuka, akapita katikati ya majamvi mpaka nyuma, akampa Mzee Muli mkono, akaushika kwa mikono miwili. Kisha akapita mbele yangu, akavaa viatu vyake, akatoka.